Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanafunzi

Niliwahi kumnyang'anya mwanafunzi kitabu. Alikuwa kidato cha tatu, kakaa nyuma kabisa, kakificha chini ya dawati huku mimi nafundisha uhakiki wa riwaya. Kilikuwa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, nakala iliyochakaa, jalada linashikiliwa na selotepu. Nikakiinua darasa zima likione, nikasema, "Takataka hizi! Ukitaka kusoma, soma Kezilahabi." Darasa likacheka. Kitabu nikakitia kwenye droo. Mwenyewe hakuja kukiomba.

Mimi ni mtu wa Kezilahabi kwelikweli. Nagona nimeirudia mara tatu na bado inanitoa jasho. Riwaya za wapelelezi nilikuwa naziita za kupotezea muda, na sikuwahi kumaliza hata moja. Yaani nilikuwa hakimu anayehukumu kesi bila kusikiliza shahidi.

Nilipohamishwa kituo, kitabu kile kikaja nyumbani ndani ya boksi la makaratasi. Usiku mmoja umeme ukakatika, simu imezima, nikakichukua ili nikicheke. Nilianza saa mbili. Saa nane nilikuwa bado nakodoa macho kwenye mwanga wa mshumaa.

Sasa naomba tuambizane ukweli. Tumezoea kusema eti fasihi pendwa haina dhamira nzito. Riwaya hii ilitoka 1974. Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania, anatumwa Nairobi kuzifuatilia nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibwa Dar es Salaam. Hiyo ni njozi? Dar ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu mjini humo humo mwaka 1969. Msumbiji ilikuja kupata uhuru 1975. Musiba alikuwa anaandika habari za vita ambayo ilikuwa haijaisha, na aliiandika kwa namna ambayo kijana asiye na habari na siasa angeifuata mpaka ukurasa wa mwisho. Kama hiyo si dhamira, basi neno lenyewe tulifute kwenye vitabu vya uhakiki.

Najua mtakachosema. Kwamba wanawake humo wamewekwa kama mapambo. Kweli, sibishi, na iliniudhi. Kwamba Willy ana bahati kupita kiasi. Kweli pia. Lakini hizo ni dosari, na dosari huhakikiwa. Mbona riwaya "nzito" tukizikuta na kasoro tunaziandikia makala, ila za Musiba na Ben Mtobwa tunazifungia nje kabla hata ya kubisha hodi?

Kinachonikera zaidi ni unafiki wetu. Kila siku tunalalamika kwamba vijana hawasomi. Huyu alikuwa anasoma! Alikuwa anasoma kwa hiari yake, bila mtihani, tena kwa kujificha. Na mimi, mwalimu wa fasihi, ndiye niliyemkomesha, kisha nikaendelea kuwakaririsha wenzake dhamira za vitabu ambavyo wengi wao hawakuvifungua, walisoma notisi tu.

Sisemi tumtupe Kezilahabi. Bado ni wangu, na wiki hii nimemrudia. Nasema ukuta huu wa dhati na pendwa tumeujenga wenyewe, na wanaoumia ni wasomaji wa pande zote mbili. Mimi umeninyima raha kwa miaka mingi. Yule kijana sijui umemnyima nini.

Kitabu bado ninacho. Ukurasa wa ndani una majina saba, mwandiko tofauti tofauti, kila aliyekipokea kakata jina la aliyemtangulia na kuandika lake. La yule kijana ndilo la mwisho, halijakatwa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sijawahi kuona kitabu cha kiada kilichogombewa namna hiyo.