Seva Nyumbani, Simu Mfukoni: Tusiharamishe Pasipo Dalili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, pamezuka maneno mitaani kwetu, na mengine yamepandishwa hadi juu ya mimbari, kwamba vijana wanaokusanya kompyuta katika chumba kimoja cha nyumba, wakaziunganisha kwa nyaya na kucheza pamoja, hao wamefungua nyumba ya shetani. Neno "haramu" limetamkwa kwa wepesi kama mtu atemaye kokwa ya tende. Nami nasema: mwenye kuharamisha ana deni la dalili, na deni hilo mpaka sasa halijalipwa.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe, kwani kaida ya wanazuoni wetu ni kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho. Seva ni kompyuta kama nyingine, aghlabu kuukuu, ambayo kazi yake ni kuushika mchezo kwa niaba ya wote: nani yuko wapi, amefanya nini, amejenga nini. Huwekwa pembeni penye hewa, maana joto letu la pwani halina urafiki na vyombo hivyo. Kutoka kwenye seva hupita waya hadi kisanduku kiitwacho swichi, na kutoka kwenye swichi hupita waya mmoja mmoja kwa kila mchezaji. Kila kompyuta hupewa anwani, mara nyingi inayoanza na 192.168, na anwani za namna hiyo zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Hazipitishwi katika intaneti. Ukiukata uzi wa intaneti, mchezo waendelea. Haingii mgeni, halipiti tangazo, wala hakuna mtu asiyejulikana wa kusema na mwanao usiku. Ni ua wenye ukuta, na ufunguo anao mwenye nyumba.

Sasa tuzitazame hoja zao moja baada ya moja.

Wasema: "Huo ni upuuzi, na upuuzi ni haramu." Twajibu: asili ya mambo ya kidunia ni halali mpaka ije dalili ya kuyakataza. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) apate kutazama mpaka atosheke. Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuwazuia, Mtume alimwamuru awaache. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Na sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafi. Je, hatukusoma alivyosema Imam Nawawi juu ya sataranji? Ameihesabu kuwa makuruhu, kisha akaifanya haramu pindi ikichezewa mali au ikimpitisha mtu wakati wa swala. Hiyo ndiyo mizani. Hakutazama kete zimetengenezwa kwa nini. Alitazama mali na swala. Basi nasi tuutazame mchezo wa kompyuta kwa mizani hiyo hiyo.

Wasema: "Huo ni mlango wa kamari." Hapa wameshika neno la kweli, lakini wamebisha nyumba siyo. Kamari tuitafute ilipo. Iko katika vibanda vya gemu ambamo aliyeshindwa ndiye alipaye malipo ya wote wawili. Mzazi adhani hayo ni malipo ya kukodi tu. Laa! Wawili wameingia, kila mmoja asijue kama atacheza bure au atalipa maradufu, na ushindi ndio utakaoamua. Hiyo ni maisiri, hata ikiwa ni shilingi 20. Tena kamari iko ndani ya simu, katika visanduku vya bahati ambavyo mtoto huvinunua asijue kilichomo mpaka amekwisha kulipa. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilikata shauri kuwa visanduku hivyo, katika baadhi ya michezo mashuhuri, ni kamari kwa sheria ya nchi ile. Nchi isiyohukumu kwa Qur'ani imetanabahi, nasi tuliosomeshwa Suratul Maida tangu chuoni twamlipia mtoto kwa simu zetu wenyewe!

Wasema: "Itawapotezea swala na masomo." Hofu hii ni ya haki, wala hatuipuuzi. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini nakuuliza, ewe mzazi: ni mchezo upi ulio rahisi kuuzima? Seva iliyo katika chumba cha nyumba yako, ukiizima, wachezaji wote husimama kwa mara moja. Mchezo ulio ndani ya simu, seva yake iko nchi za mbali, na mwenyewe ni tajiri ambaye kila saa anayokaa mwanao ni faida kwake. Huo haulali, na kuuzima huwezi. Ulichukia vijana sita kukaa sebuleni mlango u wazi, ukaridhika mmoja ajifungie peke yake na simu chini ya shuka mpaka alfajiri. Umemfukuza mbuzi uani, ukamtandikia chui kitanda.

Mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hataulizwa kama alipiga kelele. Ataulizwa kama alichunga.

Wala sisemi kuwa mlango uachwe wazi kwa kila kitu. Vijana waliponiuliza niliwapa masharti, nami nawapa hapa ili yajulikane na wote.

Kwanza, pasiwekwe dau, hata soda moja. Gharama ya umeme igawanywe sawa kwa wote kabla ya kucheza, mshindi na mshindwa wakilipa kadiri moja. Huko ni kuchangiana, si kamari.

Pili, seva iamriwe kujizima yenyewe kabla ya adhana. Jambo hili lawezekana, na kwetu pwani nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima, basi hapana udhuru.

Tatu, pasiwe na kitu cha wizi. Umeme wa kuunganisha kwa siri ni wizi, na programu iliyonakiliwa bila idhini ya mwenyewe ni kula mali ya mtu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikata kuwa haki za utungaji na uvumbuzi zalindwa na sheria yetu, na haijuzu kuzivamia. Asiye na fedha asiseme amelazimika, kwani iko michezo iliyotolewa bure na wenyewe. Mmoja ni Luanti, ambao hadi 2024 uliitwa Minetest. Watu hujenga humo kwa matofali, seva yake yaweza kukaa katika kompyuta kuukuu, na msimamizi aweza kumnyang'anya idhini au kumtoa mwenye kuleta fujo.

Nne, michezo ya uchi na ya kudhihaki dini isiingie. Mlango uwe wazi, mtu mzima awe karibu, na mabinti wawe na siku yao mbali na wavulana.

Kijana akishika masharti hayo, tazama alichokipata. Amejua kukata waya na kuufunga kichwa chake, amejua kugawa anwani, amejua kuilinda seva na kuitengeneza iharibikapo. Elimu hiyo ndiyo itumikayo katika mabenki na mahospitali, na watu hulipwa mishahara kwayo. Na seva ile ile mchana yaweza kuweka darsa na tafsiri, wanafunzi wa chuoni wakazisikiliza pasipo kununua intaneti. Je, huyu ndiye wa kumfukuza msikitini?

Enyi ndugu zangu wahubiri, kijana akiambiwa haramu juu ya lililo halali, siku atakapoujua ukweli hatatusadiki hata juu ya lililo haramu kweli. Tutamkataza dau, naye atakumbuka kuwa tulimkataza hata waya. Hasara hiyo ni kubwa kuliko mchezo wowote.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vizazi vyetu, na atujaalie kusema kwa elimu au kunyamaza. Wabillahi tawfiq.