KIDONDA KISICHOPONA KIKATWE KIPANDE

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wauguzi wa vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, na ninyi wazee wa kanisa ambao wagonjwa huwaomba shauri kabla ya kuja kwetu: nataka kusema nanyi habari ya kidonda cha mguu. Mtajibu, habari hiyo twaijua, kila siku twafunga vidonda. Naam, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Mama mmoja alikuja kwangu na kidonda mbele ya mguu, mahali alipoungua kwa maji ya moto alipokuwa mtoto. Kovu lilikuwa limekaa kimya zaidi ya miaka 30, kisha likapasuka. Nikaosha, nikatia dawa, nikafunga. Akarudi, nikafunga tena. Nikampiga sindano za penisilini. Nilimfunga hivyo muda wa miezi 8, na kila mara niliandika katika kitabu maneno yale yale: kidonda, kimefungwa. Kumbe kilikuwa kinaota nyama ngumu kama uyoga juu ya gogo. Kingo zake zilikuwa zimeinuka, kilitoka damu kila nilipoondoa kitambaa, na harufu yake ilikuwa mbaya. Mimi nilidhani ni uchafu, hata nikamgombeza kwa kutokuoga. Siku moja mganga alipita kutazama kazi yetu, akaniuliza neno moja tu: umekata kipande? Sikuwa nimekata. Kansa ilikuwa imefika katika mfupa, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Jambo hili si geni. Mganga Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika juu ya vidonda vinavyoota katika makovu mwaka 1828, na hata yeye hakutambua kwamba ni kansa. Wengine walitambua baadaye. Hilo lanifariji kidogo, lakini si sana, kwa kuwa yeye hakuwa na kitabu cha kumwambia, nami nilikuwa nacho.

Wengi wetu hufikiri kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba kwao huja mara nyingi kwa ajili ya jua, na kwamba weusi wa ngozi yetu watukinga na jua hilo. Lakini weusi haukingi kovu la moto. Haukingi kidonda cha muundi ambacho mtu amelima nacho miaka kumi, wala kidonda cha unyayo cha mtu aliyeponywa ukoma ambaye mguu wake hausikii maumivu. Nendeni Salamabila na Namoya, mkawatazame vijana wanaochimba dhahabu wakisimama ndani ya maji na miguu yenye majeraha. Mbegu ya kansa yetu imo humo, si katika jua.

Tena iko kansa nyingine ambayo hupenda unyayo na chini ya kucha, yaani mahali ambapo ngozi yetu si nyeusi sana. Jina lake ni melanoma. Huanza kama baka jeusi lisilo na maumivu, likapanuka polepole. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaica, ambaye nyimbo zake vijana wetu huzijua kuliko tenzi (hilo ni neno la siku nyingine), alionekana nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Basi mgonjwa akija na homa, si vibaya kumwambia avue viatu.

Ya tatu ni ile ya Kaposi: mabonge ya rangi ya zambarau au nyeusi juu ya miguu, na mara nyingi mguu wote huvimba. Hii ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1957 mganga Thijs aliandika habari zake katika Kongo na Ruanda-Urundi, na mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kwa ajili ya ugonjwa huu mmoja. Wakati ule ulishika hasa wanaume watu wazima. UKIMWI ulipokuja, ukaanza kuwashika vijana na wanawake pia. Virusi vinavyouleta vilitambuliwa mwaka 1994.

Sasa fikirini. Miguu mitatu imelala juu ya kitanda, kila mmoja una uvimbe na damu. Mmoja wataka kisu na ngozi ya kubandika. Wa pili wataka kisu upesi sana, tena kikate kwa upana, kwa kuwa melanoma hukimbilia mitoki na mapafu. Wa tatu, ule wa Kaposi, kwa kawaida hautaki kukatwa kabisa. Wataka mgonjwa apimwe damu, na akiwa na virusi vya UKIMWI apewe dawa zake kila siku, na ugonjwa ukiwa umeenea aongezewe dawa za kansa. Utafiti uliofanywa katika Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba katika dawa zilizojaribiwa kwa wagonjwa kama hao, paklitakseli ndiyo iliyowafaa zaidi. Je, wewe muuguzi, utajuaje upi ni upi? Kwa macho? Mimi nina macho, nanyi mmekwisha kusikia yalivyonifaa.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani anapoletewa mtu mwenye alama katika ngozi, hakuambiwa akisie. Aliambiwa atazame, amtenge siku 7, atazame tena, na kama alama haijabadilika angoje siku 7 nyingine. Nimesoma sura ile mara nyingi nikiona ni ndefu na ya kuchosha. Sasa naona ilikuwa inanisema mimi, niliyetazama kidonda kwa miezi 8 nisikione. Tofauti ni kwamba kuhani hakuwa na darubini ya kutazamia ndani ya nyama, nasi tunayo, hata kama iko mbali.

Watu hutoa sababu za kukataa. Ya kwanza ni kwamba kansa ikiguswa na chuma hukasirika na kutembea mwilini. Naijua asili ya neno hili. Wagonjwa wetu huja wamechelewa. Hukatwa kipande leo, wakafa baada ya miezi miwili, na jirani husema kisu ndicho kilichowaua. Kilichowaua ni ile miaka ya kungoja. Kipande kidogo kilichokatwa vizuri hakieneze kidonda cha namna hii.

Sababu ya pili ni ya vijana wenye simu. Wao husema, tutapiga picha, na mashine itatuambia. Picha ni njema kwa kumwomba mganga wa mbali shauri, nami huzituma. Lakini mashine hujua tu kile ilichofundishwa. Mwaka 2021 wataalamu walichunguza makusanyo ya picha za ngozi yaliyo wazi kwa watu wote, picha zaidi ya 100,000. Rangi ya ngozi ilikuwa imeandikwa kwa picha 2,436 tu, na kati ya hizo 10 zilikuwa za ngozi ya kahawia, na moja tu ya ngozi nyeusi sana. Moja! Mashine iliyofundishwa hivyo haijaona mguu wa mtu wa Kabambare hata siku moja. Darubini haina shida hiyo, kwa maana ndani ya kipande kansa hutambulikana kwa mtu wa rangi yoyote.

Kukata si kazi kubwa. Kidonda ambacho umekitunza vizuri kwa miezi mitatu bila kupona, au ambacho kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu kabla ya hapo, usikingojee. Tia dawa ya ganzi. Kata katika ukingo ulioinuka, pamoja na ngozi nzima kidogo. Usikate katikati, maana huko mara nyingi utapata nyama iliyooza, na jibu litakuwa halina maana. Changanya sehemu moja ya formoli kali na sehemu 9 za maji, na kipande kielee humo bila kubanwa. Andika juu ya chupa, si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana: jina, upande wa mguu, tarehe. Halafu chunguza mitoki ya kinena. Baka dogo la unyayo likatwe lote na kupelekwa lote.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hesabu ni nyingine, kwa kuwa wao hawana kinga ya weusi, na jua letu ni kali. Kwao usihesabu miezi mitatu. Donda dogo usoni, sikioni au shingoni lisilopona upesi likatwe lote lingali dogo, na jeraha hushonwa siku ile ile. Huko Moshi, Tanzania, chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kimewasaidia sana, na mafuta ya Kilisun ya kuzuia jua yalianza kutengenezwa huko kwa ajili yao. Sisi tunaweza kuanza na kofia pana na mikono mirefu, na mwalimu amketishe mtoto mbali na dirisha lenye jua. Na majina ya dharau wanayoitwa njiani, hata na watoto wa Jumapili, yakome.

Sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ni fedha. Kipande lazima kipande pikipiki, kisafiri mbali, na jibu huchukua majuma. Mgonjwa akisikia bei ya chupa na safari hurudi kijijini na majani yake. Hapa nasema wazi, na najua wengine katika kamati hawatapenda: mgonjwa asidaiwe gharama ya kipande. Yule mama alinunua vitambaa vya miezi 8, akauza mbuzi wawili kwa ajili ya penisilini isiyomfaa, na mwisho gharama ya kukata mguu ilizidi vipande vingi. Formoli hungoja, vipande vya mwezi mzima vyaweza kusafiri pamoja katika sanduku moja, na nauli ikawa moja. Sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi, kutoka makanisa ya Kasongo na ya Kabambare, yatosha kuanza. Kamati itakapokutana nitalileta jambo hili, na yule mama amekubali kuja naye, kwa magongo yake, kusema mwenyewe.