Ule Mti wa Nyuma ya Dortuari si Sapini



Wengi wakiona kwamba ni kapita ameandika, watageuza karatasi: tena maneno ya disipilini! Ngojeni kidogo. Leo nataka kusema juu ya miti, ule mstari unaokinga dortuari ya wavulana upande wa upepo.

Kila mwaka, Noeli ikikaribia, watu wanapanda usiku na panga na kukata kilele kwa kupamba chumba chao. Desemba iliyopita tulihesabu vilele vitatu. Nilimkamata mdogo mmoja wa kalasi ya tatu, kilele kikiwa begani. Hakukimbia. Aliniambia: «Kapita, ni sapini tu. Itaota tena sawa mikaratusi.» Nilimpa kazi ya kuteka maji, lakini usiku sikulala vizuri, juu ya mimi mwenyewe, nilipokuwa kalasi ya pili, nilishika taa chini wakati wakubwa walikuwa juu. Nami nilisema vile vile, ni sapini, itaota.

Basi kwanza, si sapini. Sapini ya kweli ni mti wa milima ya baridi, na yote ya asili iko upande wa kaskazini wa dunia. Kusini mwa ikweta hakuna hata moja iliyoota yenyewe porini. Ile ya vitabu vyetu vya Kifaransa inakaa katika milima ya Vosges, Jura, Alpes na Pyrénées, mahali pa ukungu na teluji. Inaweza kupita mita 50. Majani yake ni kama sindano bapa, na jani likianguka linaacha alama ya mviringo, laini, juu ya kitawi. Matunda yake magumu yanasimama wima juu ya tawi kama mishumaa, na yakiiva yanavunjika pale pale juu, magamba yanaanguka moja moja. Kwa hiyo mtu akikuonyesha tunda zima aliloliokota chini na kusema ni la sapini, usimwamini haraka. Mbao zake ni nyeupe na nyepesi, hazina utomvu mwingi. Watu wa huko wanajengea mapaa, wanafanya masanduku na karatasi. Hata asali wanapata: kule Vosges vidudu vidogo vinafyonza maji ya sapini na kutoa utamu, nyuki wanaukusanya.

Katika Afrika yetu sapini ya asili iko kaskazini tu, katika milima ya Rif kule Maroko na milima ya Babor kule Algeria. Ile ya Babor haipatikani porini mahali pengine popote duniani, na miti iliyobaki ni michache, inahofiwa itakwisha. Ilinishangaza kabisa. Tunaimba juu ya sapini kila Noeli na hatujui kwamba Afrika iko na yake.

Mti wetu ni sipre. Tazameni jani: hakuna sindano, ni magamba madogo sawa ya samaki. Tunda ni duara dogo, wale wadogo wanachezea. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake, ijapokuwa wenye elimu waliupa jina la Ureno, kwa sababu huko ulipandwa zamani na huko waliujulia. Wakoloni waliuleta katika milima yetu na ulipenda baridi ya hapa. Meza ninayoandikia ni ya sipre. Mlango wa jiko pia.

Sasa lile neno la «itaota tena.» Mkaratusi ukikatwa chini unachipuka, ndiyo sababu watu wa makala wanaupenda. Sipre ukiukata kwa shina umekwisha. Ukikata kilele tu hautakufa, lakini matawi ya pembeni yanainuka yote yakitaka kuwa kichwa, na mti unakuwa na vichwa vitatu, vinne. Maji ya mvua yanaingia katika kidonda, kunaoza. Upepo ukija, pale penye panda ndipo panapopasuka. Wale wa enterna wanakumbuka usiku ule wa mvua tawi lilipoanguka juu ya mabati, tukahamisha magodoro ya wadogo hadi refektuari. Nendeni mkatazame ule mti. Alama ya panga ya zamani iko wazi. Sijui kama ni ya mwaka niliposhika taa. Naogopa kuuliza.

Tena mti huu umekwisha kuteswa. Tangu 1986, vidudu vya ukoo mmoja na wale wa asali ya Vosges vilionekana Malawi, vikaenea hata kwetu, na hapa havileti asali: vinakausha sipre tawi kwa tawi. Ukiona upande umekuwa mwekundu kama umepita moto, ni vyenyewe.

Mwalimu mmoja aliniambia tuiache ife, ni mgeni, chini yake hata nyasi haziote. Ni kweli kwa nyasi. Lakini huwezi kungoa kinga ya upepo kabla ya kupanda nyingine, na wale wanaolala pale si walimu. Ila nakubali naye kwa neno moja: tuchanganye. Milima yetu iko na ndugu wa mbali wa sapini, podo, yule wa msitu wa Kahuzi-Biega, mwenye majani marefu kama ncha ya mkuki na mbegu ambazo ndege wanapenda kula. Unakua polepole, na mbao zake ni nzuri. Ndiyo maana nje ya Parki umekatwa sana.

Kwa Noeli, nimemwomba Bwana Prefe ruhusa ya kukata matawi ya chini tu, mchana, mbele ya fundi wa mbao. Amekubali. Chumba kitakachokata kilele, kitapoteza tawi lake, hata kama ni chumba changu.

Nyuma ya jiko kuna miche ishirini katika mikebe: kumi na sita ya sipre, minne ya podo, mbegu tulipewa na mzee jirani kutoka mti wake. Mashimo tunachimba Jumamosi saa nane. Majembe ni matano tu. Mwenye lake alete.