Kelele za ndege ndogo: Sailensa peke yake haitoshi

Mkazi wa Lang'ata au wa mitaa mingine iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hahitaji kuelezwa maana ya kelele za ndege ndogo. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni jepesi: magari hufungwa sailensa, basi ndege nazo zifungwe. Wazo hilo lina msingi, ila lisipopimwa vyema laweza kuleta gharama bila utulivu.

Tuchukue ndege ya mafunzo iliyozoeleka, Cessna 172. Injini yake ya silinda nne, ikifikia upeo, huzunguka mara 2,700 kwa dakika, na kwa mwendo huo hutoa mipigo ya moshi 90 kila sekunde. Rafadha yake ya mapanga mawili, iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini, nayo huipiga hewa mara 90 kila sekunde. Milio hiyo miwili hulingana, sikio lisiweze kuitenganisha, na lawama zote huangukia bomba la moshi. Ilhali ncha za mapanga hayo, kwa kipenyo cha karibu mita 1.9, hukata hewa kwa takriban mita 270 kwa sekunde, yaani karibu asilimia 80 ya kasi ya sauti. Sailensa haiwezi kuugusa mlio huo.

Hata kwa upande wa moshi, kazi si ndogo. Ndani ya moshi wenye joto la nyuzi 600, wimbi la sauti ya mipigo 90 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita sita. Kopo dogo lililofichwa chini ya kifuniko cha injini hupunguza mlio mkali na kuuacha ule mngurumo mzito unaosafiri mbali. Chombo kikubwa huongeza uzito. Chenye njia nyembamba huubana moshi na kuipunguzia injini nguvu.

Hapo ndipo suala la Wilson linapotofautiana na la viwanja vya pwani. Uwanja huo uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na injini ya kawaida ya pistoni hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Ukiiongezea mzigo wa sailensa mbaya, ndege itapanda polepole na kupita chini zaidi juu ya nyumba. Kimo kikipungua kwa nusu, kelele inayofika ardhini huongezeka kwa takriban desibeli sita. Aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye atakayeumia, na usalama wa rubani nao utapungua.

Wahandisi wamekwisha kuonyesha njia. Ndege ya kijeshi ya YO-3A, iliyoundwa na Lockheed na kutumiwa na Marekani nchini Vietnam mwaka 1970, ilikuwa na sailensa ndefu ubavuni, lakini siri yake nyingine ilikuwa rafadha kubwa iliyozungushwa polepole kwa mikanda. Ujerumani nayo, kwa kanuni ya mwaka 1999, huwekea mipaka ya saa za kuruka viwanja vidogo ambavyo ndege hupaa na kutua jumla ya mara 15,000 au zaidi kwa mwaka, na kuzilegezea masharti ndege zilizothibitishwa kuwa na kelele kidogo. Mwenye ndege hupata sababu ya kifedha ya kununua sailensa bora na rafadha ya mapanga mengi.

Kiambatisho cha 16 cha Mkataba wa Chicago kinafuata mantiki iyo hiyo: ndege ndogo hupimwa ikipaa, kwa kipima sauti kilichowekwa mita 2,500 kutoka inapoanzia mbio. Kinachopimwa ni sauti inayomfikia mtu, si kifaa kilichofungwa. Kanuni yoyote ya humu nchini ingefaa kushika msingi huo, na kuzingatia kimo cha uwanja.

Jambo moja halivumiliki kuahirishwa. Katika ndege nyingi ndogo, joto la sailensa ndilo linalopasha hewa ya chumba cha rubani. Sailensa ikipata ufa, kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, huingia humo. Kila muundo mpya, hata ukiwa kimya kiasi gani, uidhinishwe pamoja na ratiba ya ukaguzi wake.