Vitanda na magodoro ya shule yaweze kufumuliwa



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi tunalipita bila kulisemea, nalo ni vitanda na magodoro yanayonunuliwa kwa ajili ya mabweni yetu.

Wazazi wa huku Nyang'hwale, sawa na wenzao wa wilaya nyingine, watoto wao wanapochaguliwa kwenda shule za bweni, mara nyingi hukuta katika fomu wametakiwa kununua godoro la futi 2.5 kwa 6. Mkulima wa pamba au mpunga huuza mbuzi ili lipatikane. Baada ya muda godoro limebonyea katikati na mfuko umechanika, wala hakuna awezaye kulitengeneza kwa sababu sponji imegandishwa na kitambaa kwa gundi. Basi hutupwa. Nyuma ya stoo za baadhi ya shule utaona pia rundo la dabo deka za chuma. Kilichovunjika ni mguu mmoja tu au ngazi, lakini kwa kuwa kila kiungo kimechomelewa, kitanda chote kinasubiri kuuzwa kama chuma chakavu, huku watoto wawili wakilala kitanda kimoja.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, kila kipande kikiingia katika tundu la mwenzake. Tendegu likioza, unachonga jingine. Kamba ikikatika, unawamba upya. Godoro la pamba au sufi nalo lilifumuliwa, likaanikwa juani, likachambuliwa na kujazwa tena katika mfuko uliofuliwa. Ndiyo maana tukaambiwa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi turudi kulalia kamba. Sponji ni nyepesi, na chuma hakiliwi na mchwa. Ninachosema ni kwamba mtengenezaji afikirie siku ya kukifumua kitanda tangu siku ya kukiunda.

Hasara si ya fedha peke yake. Sponji haiyeyushwi ikafinyangwa upya kama plastiki ya ndoo. Ikiwa safi na kavu, hukatwa vipande vidogo vikagandishwa kuwa godoro gumu au mto. Ikishalowa na kuoza, mwisho wake ni shimo la taka na kiberiti. Moshi wake hubeba kaboni monoksaidi na gesi ya sianidi, jamaa ya ile sianidi tunayoijua huku kwenye kuchenjulia dhahabu. Hakuna mzazi atakayekubali sianidi karibu na darasa, lakini magodoro tunayachoma huku watoto wakicheza jirani.

Wenzetu wameanza kulishughulikia jambo hili. Jimbo la Connecticut huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuwafanya watengenezaji wa magodoro wawajibike kuyakusanya yale ya zamani ili yafumuliwe. Ufaransa nayo, tangu mwaka huohuo, mnunuzi wa samani mpya hulipa kiasi kidogo kwa kazi hiyo. Sisi huku vijijini hatuna viwanda vya namna hiyo. Kwa hiyo inatupasa zaidi kuwa na vitanda vinavyofumuliwa kwa spana na magodoro yanayofumuliwa kwa mkono.

Napendekeza yafuatayo. Kwanza, vitanda vya shule viunganishwe kwa bolti za saizi moja, ili mguu wa kitanda kibovu uhamishiwe kwenye kingine. Pili, mfuko wa godoro uwe na zipu, uvuliwe na kufuliwa. Hilo litatusaidia pia dhidi ya kunguni wanaojificha kwenye mishono. Tatu, godoro la inchi 6 liwe tabaka tatu za inchi 2 zisizogundishwa, ili iliyobonyea ibadilishwe peke yake au ipelekwe chini. Nne, kila godoro liwe na lebo inayotaja vilivyomo ndani.

Haya hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Fundi wa kuchomelea hapa Kharumwa anaweza kutoboa tundu la bolti, na cherehani ya kawaida inashona zipu. Kinachotakiwa ni halmashauri kuyaandika masharti hayo katika zabuni zao, vyuo vya VETA kuyafundisha, na Shirika la Viwango (TBS) kuyaangalia linapopitia viwango vya samani. Bei ya kununua huenda ikapanda kidogo. Lakini mguu mmoja ukibadilishwa kwa bolti nne, mtoto atalala kitandani mwake usiku uleule, na mzazi hatauza mbuzi wa pili.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kharumwa, Geita.