Ahadi za Ulinzi na Hazina ya Dola

Serikali inapotia sahihi mapatano ya kuilinda nchi iliyo ng'ambo ya bahari, watu wake aghalabu huipima gharama kwa vita vinavyoweza kuzuka, ilhali sehemu iliyo kubwa huanza kulipwa kabla ya adui kuonekana, na huendelea kulipwa hata asipotokea.

Tarehe 19 Juni 1961 Sheikh Abdullah al-Salim al-Sabah wa Kuwait na Sir William Luce, mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba, walibadilishana barua fupi zilizokiri uhuru wa Kuwait na kuahidi kwamba Uingereza ingekuwa tayari kuisaidia endapo ingeombwa. Wiki haijatimia, Abdul Karim Qasim wa Iraki akadai kwamba Kuwait ni milki ya nchi yake. Na tarehe 1 Julai askari wa Uingereza walikuwa wamekwisha kushuka, wakafuatwa na wenzao waliosafirishwa kwa ndege kutoka kwetu Kenya, wakachimba mahandaki jangwani katika joto lililowaangusha wengi. Vita havikuwa, na kabla ya Oktoba kwisha walikuwa wamekwisha kuondoka.

Lakini wepesi ule ulikuwa umelipiwa miaka mingi kabla, kwa manowari zilizongoja baharini, kwa kambi za Aden, zilizohamwa mwaka 1967, na kwa kambi ya Kahawa karibu na Nairobi, ambayo mwaka 1965 iligeuzwa chuo, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Faida hiyo tuliipata sisi, nami naifurahia. Mlipa kodi wa Uingereza, aliyegharimia majengo yale, hakuwa ameonyeshwa hesabu yake yote siku ya ahadi, na nashikilia kwamba bunge lolote lina haki ya kuiona kabla sahihi haijatiwa.

Maana hazina ikishindwa, anayeumia kwanza ni yule aliyeamini. Novemba 1967 pauni ilishushwa kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na mwezi huo huo waziri Goronwy Roberts aliwazungukia watawala wa Ghuba akiwahakikishia kwamba Waingereza wangebaki. Januari akarudishwa yeye yule kuwaambia kwamba wangeondoka kabla ya 1971 kwisha. Sheikh Zayed wa Abu Dhabi alijitolea kuchangia gharama, London ikakataa, na watawala wale wakaachiwa muda usiotimia miaka minne wa kujipatia ulinzi ambao, kwa zaidi ya karne, walikuwa wamezoezwa kuutegemea kwa wengine.