Waliosomeshwa Ng'ambo

Kijana akipata msaada wa kwenda kusoma Ulaya au Marekani, jirani zake katika Bukoba na Muleba husema, "Amepata bahati." Neno hilo ni la furaha, lakini huwadhuru watoto wanaolisikia. Maana mtoto akiamini ya kuwa elimu ya ng'ambo huanguka kama mvua, ataketi akingoja mawingu.

Tazameni habari za Laurean Rugambwa. Alizaliwa mwaka 1912 huko Bukongo, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Alisoma katika seminari ya Rubya, kisha akaenda Katigondo katika Uganda, akapewa upadre mwaka 1943. Hata alipopelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa, alikuwa amekwisha timiza miaka 35, tena ni padre mwenye kazi. Roma ilimpa udaktari mwaka 1951. Kukaa kitako na kitabu alikuwa amejifunza Rubya. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, naye akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho. Josiah Kibira naye, mzaliwa wa Bukoba, alisoma Ujerumani na Marekani, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni. Kabla yake hapana Mwafrika aliyekishika kiti hicho.

Liko kosa jingine, nalo ni baya zaidi. Wako wazazi ambao, wakiona fedha ya kahawa ni chache, humwacha mvulana aendelee na masomo, na msichana humrudisha migombani. Huuliza, "Nani atampeleka ng'ambo mtoto wa kike?" Jawabu li papo hapo Muleba. Anna Tibaijuka alizaliwa huko mwaka 1950, binti wa wakulima. Alisoma hata akafika Uppsala katika Uswidi, akapata udaktari wa uchumi wa kilimo. Na toka mwaka 2000 hata 2010 aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi ya watu. Kama wazazi wake wangalimwachisha shule, nani angalijua kilichopotea? Na wale walioachishwa kweli, hapana awezaye kuwahesabu.

Wengi katika darasa hawatavuka bahari kamwe, wala hilo si aibu. Anayevuka hufikishwa bandarini na walimu ambao wenyewe hawakupanda meli. Tibaijuka alilijua jambo hilo. Alipoanzisha shule ya wasichana Dar es Salaam, hakuipa jina la chuo kilichompa udaktari. Aliiita Barbro Johansson, jina la mwalimu Mswidi aliyekuja Bukoba mwaka 1946, akawafundisha wasichana wa Kashasha kusoma.